Sahani ya Bi Kanta

Kijiwe chetu cha Chumbageni kina benchi moja tu, nalo lilikuwa la kanisani. Wenyewe walipopata viti vipya, Yona fundi seremala akalibeba, akaliunga mguu uliolegea, akalitua kwenye kona mbele ya meza ya kahawa ya Mama Tausi. Tangu siku hiyo Waislamu na Wakristo wamelikalia bega kwa bega, na yanayosemwa juu yake hayafanani hata chembe na yaliyokuwa yakisemwa mbele yake. Wenye benchi ni watatu. Yona mwenyewe, Mbondei wa Muheza, huitwa Gundi, maana akishakaa habanduki. Mzee Abdulghani, mstaafu wa reli, huitwa Waziri kwa sababu hujibu kila swali na hatekelezi lolote. Na Uweso ni Mataifa: ujanani alikuwa msaidizi wa mpishi melini, akashuka Bombay akanywa chai, akapanda tena, na mpaka leo hajamaliza kuisimulia chai ile. Asubuhi hiyo Mama Tausi hakuwapo, alikuwa amekwenda mazikoni Pongwe. Meza, dele la kahawa, vikombe na majiko mawili alimwachia binti yake Tausi, mhitimu wa sayansi ya chakula aliyekuwa akisubiri kazi. Alimwachia na maneno: "Bi Kanta anahama leo alasiri. Sahani yake irudi, na isirudi tupu."

Bi Kanta ni mjane wa Kihindi wa nyumba ya ng'ambo ya barabara, ile yenye mlango wa bluu. Kila Diwali alizungusha sahani za mithai nyumba hadi nyumba, bila kuuliza nani anasali wapi. Sahani ya safari ya mwisho ilikuwa bado kabatini kwa Mama Tausi. Kila alipotaka kuirudisha alikosa cha kuitia, na sahani ya jirani hairudi tupu. Ni afadhali useme imevunjika. Sasa Bi Kanta anakwenda Dar kwa mwanawe, moja kwa moja, na vidole vyake vimevimba viungo, havifinyangi tena kitu. Ndipo Tausi alipoamua kumpikia gulabjamu, vile vidonge vya unga wa maziwa vinavyokaangwa vikaloweshwa kwenye shira ya hiliki na maji ya waridi. Alijisemea, kama yeye hawezi tena kuvipika, nani atampikia?

Tausi ni mtu wa vipimo. Alikuwa amesoma maelezo kwenye simu mpaka akayashika kwa moyo, na moyo wenyewe ukawa unamdunda. Lakini mkono wa mtu wa Tanga unaijua kaimati kabla haujajua kuandika. Alfajiri, macho yakisoma mengine, mkono ulifanya ya kwake: mafuta yakanguruma, shira ikachemka mpaka ikawa nzito kama ya kaimati. Vidonge vikatoka vyeusi nje, vibichi ndani, na sukari imevikaukia juu kama chokaa. Vilikuwa kwenye bakuli chini ya meza, alikotumaini havitaonekana.

Gundi aliviona kabla hajaketi.

— Nipe kimoja nionje.

— Havijaiva ndani, kaka Yona.

— Mie tumbo langu limezoea maranda ya mbao. Lete.

Akakitia mdomoni. Benchi zima lilisikia sauti yake.

— Yakhe, ni jino hilo au ni kidonge? — Mataifa akauliza.

— Sijui bado, — alisema Gundi, akipapasa shavu. — Tausi, hivi nijazie ndoo. Nina sakafu ya kumaliza kule Makorora.

— Kaka Yona, jamani!

— Ati umesoma chakula chuo kikuu, — Mataifa akasema. — Mlikuwa mnakipika au mnakiandikia mitihani?

Tausi akammiminia kahawa ili anyamaze. Haikusaidia.

— Nimeshaona nilipokosea, — alisema. — Nimezipika kama kaimati. Moto ulikuwa mkali na shira nzito. Gulabjamu inataka mafuta ya uvuguvugu na shira nyepesi, iinywe mpaka ndani. Nakanda donge jingine sasa hivi. Ninachoomba ni utulivu tu.

— Utapata, — alisema Waziri kwa sauti ya mtu anayefungua kikao. — Mkutano ni mwanzo wa utulivu. Tuanze na chanzo cha tatizo.

— Chanzo nimeshakisema, baba.

— Hicho ulichosema ni moto. Moto ni matokeo. Chanzo ni maji. Maji ya mji huu si yale tuliyokuwa tukinywa. Zamani ukichemsha maji ya Tanga, sukari yenyewe ilikuwa inakimbilia ndani. Siku hizi unaikoroga mpaka unaibembeleza.

— Maji hayana kosa, — Mataifa akadakia. — Kosa ni shira nyepesi. Shira nyepesi ni maji ya kunawa, binti. Mie Bombay nimeona shira kijiko kinasimama wima kama askari.

— Ulikunywa chai tu Bombay, — alisema Gundi.

— Chai nilikunywa, macho nilikuwa nimefumba?

Tausi alikuwa ameanza kuchanganya: unga wa maziwa, ngano kidogo, samli, chembe ya magadi, kisha maziwa ya uvuguvugu akiyadondosha kwa kijiko. Maelezo yalisema usikande kama chapati, likusanye donge kwa ncha za vidole tu. Alikuwa akilikusanya, pumzi ameibana, Waziri aliponyoosha shingo.

— Hujalikanda hilo.

— Halikandwi, baba.

— Kila donge hukandwa. Mkono mtupu haulambwi.

— Methali hiyo haihusiki, baba.

— Inahusika. Mkono wako ni mtupu, donge limekuponyoka lote.

Akafinyanga vidonge, akavisugua viganjani mpaka visiwe na ufa, kwa sababu ufa mmoja tu na kidonge hupasukia motoni. Karai aliliweka juu ya moto mdogo, mkaa ameufunika jivu. Akadondosha vya kwanza. Vikazama, vikatulia chini, kisha polepole, kimoja baada ya kingine, vikaanza kupanda. Tausi aliinama mpaka joto likamchoma kope. Alitaka kulia kwa furaha.

— Ukiona vyaelea, vimeundwa! — Waziri akatangaza, akapiga paja.

Wakati huohuo wakaja wateja wawili, mafundi wa baiskeli, wanataka kahawa na kashata. Tausi aligeuka. Aligeuka tu, akajaza vikombe, akatafuta kashata ambazo hazijavunjika. Aliporudisha uso, Gundi alikuwa amechutama na ufuniko wa ndoo, anaupepea mkaa kwa nguvu zake zote, cheche zinaruka.

— Kaka Yona! Unafanya nini?

— Ulikuwa unazimika. Nikaona nikusaidie, una kazi nyingi.

Vidonge vilikuwa vimeshakuwa vyeusi kama punje za kahawa. Tausi aliviopoa. Akapasua kimoja, katikati kulikuwa na unga mbichi kama alioutia.

— Umeona? — Waziri akasema. — Maji hayo.

Tausi akaketi kwenye kiti chake kifupi. Unga wa maziwa uliobaki ulitosha donge moja tu, na duka lenye maziwa ya aina hiyo lilikuwa limefungwa kwa sababu mwenyewe naye alikwenda Pongwe mazikoni. Ng'ambo ya barabara mlango wa bluu ulikuwa wazi, na kwenye baraza masanduku yalikuwa yanaongezeka. Alijua jinsi Bi Kanta angefanya akiletewa vidonge vibovu. Angekitafuna kimoja mpaka mwisho, akashukuru, akasema ni vizuri. Hilo hasa ndilo Tausi asilotaka.

— Sasa nisikilizeni, — alisema. — Hili ni donge la mwisho. Mtu asiguse moto. Mtu asiguse kitu.

— Hatugusi, — alisema Mataifa. — Tunatafakari. Mie nimeshaelewa. Ni hayo maziwa ya unga. Hebu fikiri, huyo ng'ombe ni wa Ulaya. Kazaliwa kwenye barafu. Maziwa yake yamekaushwa, yametiwa koponi, yamefika Tanga, yamekutana na joto la karai. Yameshtuka! Wewe ungelegea?

— Hapo una hoja, — Gundi akasema. — Mbao ya kutoka kwenye baridi hufanya hivyohivyo. Inakakamaa.

— Basi nendeni mbali zaidi, — Mataifa akaendelea, sasa amesimama. — Kule India ng'ombe haliwi. Anajua. Anazurura mjini, anapishwa na magari, roho yake imetulia, na maziwa yake yametulia. Kidonge kinakuwa laini kama pamba. Wa huku je? Ng'ombe wa huku ana Idi mbele na Krismasi nyuma. Ataacha kuogopa lini? Anakamuliwa huku ana wasiwasi. Ule ugumu ndani ya kidonge, waungwana, ni hofu ya ng'ombe.

Hata mafundi wa baiskeli wakaacha kutafuna.

— Wallahi, — Gundi akanong'ona, — sitaki tena nyama.

— Ng'ombe wa Ulaya au wa huku, mjomba? — Tausi akauliza bila kuinua kichwa. — Umeanza na wa Ulaya.

— Hofu haina mipaka, binti.

— Nyote mmepotea, — Waziri akasema, na akakiweka kikombe chini, dalili kwamba sasa anafunga hoja. — Leo bahari ni maji mafu. Mnajua bamvua, maji yanajaa mpaka yanagonga kuta. Na mnajua maji mafu, yanalala tu, hayapandi wala hayashuki. Mwezi unaovuta bahari unavuta kila kinyevu. Unga ni kinyevu. Siku ya maji mafu hakuna kinachoumuka Tanga nzima, si mkate, si andazi, si hicho kidonge. Maji hufuata mkondo.

— Mikate asubuhi imeumuka, baba. Umekula.

— Ile iliumuliwa jana.

Tausi akacheka kwa hasira, kicheko cha mtu aliyebanwa. Wateja wengine wakafika na vikombe vilikuwa vimekwisha. Ilibidi akavioshe bombani nyuma ya nyumba. Donge la mwisho alilifunika kwa kitambaa kibichi, akawaangalia wale watatu mmoja mmoja.

— Mtu. Asiguse. Kitu.

— Nenda, mwanangu, — alisema Waziri. — Tupo.

Aliosha haraka mpaka kikombe kimoja kikamponyoka kikavunjika. Aliporudi benchi lilikuwa limetulia mno. Mataifa alikuwa akitazama angani. Donge lilikuwa mahali pake, chini ya kitambaa chake. Tausi akafinyanga, akavisugua, akaweka moto anaoutaka, akavidondosha kwa upole. Vikapanda. Vikaendelea kupanda. Vikavimba kama mashavu ya mpiga tarumbeta, vikapasuka kwa pamoja, na karai likawa uji wa makombo unaotoa povu.

Hakupiga kelele. Aliinama tu, akanusa kilichobaki kwenye bakuli.

— Nani ametia amira humu?

Gundi akamtazama Waziri. Waziri akamtazama Mataifa. Mataifa akaendelea na anga.

— Mjomba Uweso.

— Kidogo tu. Ncha ya kidole. Maana Waziri kasema leo hakiumuki kitu, nikaona tukisaidie kidonge. Nilikuwa nakuonea huruma, binti.

— Nilisema unaweza kutia kama ni lazima, — Waziri akajitetea. — Sikusema utie.

— Penye wengi hapaharibiki neno, — Gundi akasema, akijaribu kupoza.

— Limeharibika, kaka Yona! — Tausi akafoka, na sauti yake ikamshtua mwenyewe. — Limeharibika lote! Nyie mko wangapi na mna midomo mingapi? Mama amenipa kazi moja. Yule mama ametulisha sisi sote tangu sijaota meno, anaondoka leo, na nyie mmeniwekea mwezi, na bahari, na roho ya ng'ombe kwenye karai!

Adhuhuri ilikuwa imepita. Gari jeupe likaja likasimama mbele ya mlango wa bluu, dereva akashuka, akayatazama masanduku, akaona bado mapema. Akavuka kuja kwenye harufu ya kahawa. Alikuwa kijana mwenye kofia, mgeni wa mtaa.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba. Nani mwenzetu?

— Naitwa Bryson. Nimetumwa kumpeleka Dar mama wa pale. Nipatie kahawa, dada. Mbona mmenuna? Kuna msiba?

Wakamweleza. Walimweleza wote watatu kwa mpigo, kila mmoja akianzia kwenye nadharia yake, mpaka Tausi alipowakatiza na kumwambia kwa kifupi: sahani ya jirani, haiwezi kurudi tupu, gulabjamu zimekufa mara tatu. Bryson akasikiliza, akapuliza kahawa yake.

— Kwani yeye mwenyewe anapenda kula nini?

Waziri akafungua mdomo. Watu wa kijiwe wanasimulia mpaka leo kwamba aliufungua, na kwamba aliufunga tena.

— Mithai, — Gundi akasema, bila nguvu. — Si mithai?

— Umemwona akila?

— Nimemwona akitoa.

— Ni Mhindi, yakhe, — alisema Mataifa. — Atapenda nini kingine?

Lakini hakumalizia na Bombay. Tausi alikuwa akijaribu kukumbuka. Alimwona Bi Kanta mlangoni na sahani imefunikwa kitambaa cha kufuma. Alimwona akisubiri mtu aume kwanza, macho yakifuata mdomo wa mlaji, halafu acheke na kuondoka na sahani nyingine kwenda nyumba ya pili. Alimtafuta akiwa na kitu mdomoni mwake, hata mara moja. Hakumpata.

Akaichukua sahani, iliyokuwa ikisubiri mezani tangu asubuhi, akaipangusa kwa ncha ya kanga, akashika barabara.

— We binti! — Waziri akaita. — Tupu hiyo!

— Ifunike basi! — Mataifa akapiga kelele. — Watu wataona!

— Tia hata kashata!

Hakugeuka.

Bi Kanta alikuwa ameketi juu ya sanduku barazani, sari ameikunja magotini, mikono yake yenye viungo vilivyovimba imelala juu ya mkoba.

— Shikamoo, Bi Kanta.

— Marahaba, mwanangu. Mmepiga kelele toka asubuhi na hakuna aliyevuka. Nilisema leo nitaondoka kama mwizi.

— Tuliona aibu. — Tausi akamnyooshea sahani. — Nimeileta tupu. Nilipika gulabjamu, zimenishinda.

— Gulabjamu? — Bi Kanta akavuta hewa kwa pua. — Kumbe ndiyo ile harufu! Mie nasema, nani huyu anachoma viatu?

Tausi akashindwa kujizuia, akacheka, na machozi yakamtoka pamoja na kicheko.

— Niambie unachopenda. Nikuletee sasa hivi, kabla gari halijaondoka.

Bi Kanta akakunja uso, kama mtu aliyeulizwa jina la mtaa aliouhama zamani.

— Chumvi, — alisema mwishowe.

— Chumvi?

— Mithai siwezi kabisa. Tangu niko msichana nakoroga sukari, nguo zinanuka sukari, nywele zinanuka sukari. Nikishamaliza nyumba zenu zote nilikuwa narudi jikoni, nachoma muhogo, natia chumvi, ndimu na pilipili ile inayowasha mpaka masikio. Nakula peke yangu. Mume wangu alikuwa akinicheka. Na kule Dar sijui kama muhogo wao una unga kama wa hapa.

Muhogo wa kuchoma. Leticia alikuwa na jiko lake pale pale mtaani, hatua chache kupita benchi. Tausi akageuka, akaita kwa nguvu ng'ambo ya barabara:

— Kaka Yona! Muhogo wa kuchoma kwa Leticia! Chumvi, ndimu, pilipili nyingi! Haraka!

Gundi akasimama. Kwa kweli alisimama, na benchi likalia kwa mshangao.

— Ngoja kwanza, — alisema Waziri, akamshika shati. — Muhogo upi? Maana kuna wa Muheza na kuna wa Pangani, na hii si mihogo ya kuchanganya.

— Wa Muheza ndio muhogo, — Gundi akasema, akageuka kumkabili.

— Wa Muheza una nyuzi!

— Nyuzi za nani? Nani kakwambia?

— Na je, unamenywa kabla au baada ya kuchomwa? — Mataifa akauliza. — Kwa sababu mie Bombay...

Gundi akaketi ili abishane vizuri.

Tausi aliyaona yote hayo kutoka barazani. Akatoa sauti ambayo si neno la Kiswahili wala la lugha yoyote, akaibana sahani kwapani, akafunga kanga, akakimbia. Aliwapita benchini bila kuwatazama. Kwa Leticia alichagua vipande mwenyewe, akavigonga kusikia kama vimeiva ndani, akaomba pilipili, akaomba tena, akakamua ndimu mpaka ganda. Aliporudi, sahani ikifuka moshi, masanduku yalikuwa yamepakiwa na Bi Kanta amekaa kiti cha mbele, mkanda ameufunga.

Tausi akampa sahani dirishani. Bi Kanta akachukua kipande cha kwanza kabla ya kusema asante. Akakiuma. Akafumba macho. Pilipili ikamfikia, akapiga dashibodi kwa kiganja, akauma tena.

Benchini walikuwa wamesimama sasa, wote watatu, wanapunga mikono huku wakibishana kuhusu mizizi. Bryson akawasha gari, akanusa, akatabasamu, akapeleka mkono kwenye sahani.

Bi Kanta, aliyelisha mtaa mzima, akaivuta sahani kifuani.

— Kanunue wako, — alisema, mdomo umejaa. — Wewe endesha.